Jinsi ya Kuandika Swali la Maandishi kwa Waziri Likapata Jibu la Kueleweka: Mwongozo Kamili

Maswali mengi ya maandishi yanayopelekwa kwa mawaziri huharibika kwa njia mbili. Baadhi hurudishwa na ofisi ya Katibu wa Bunge kabla hayajasajiliwa. Mengine hupokelewa, wiki zikapita, kisha likaja jibu lisilo na tarakimu hata moja: "Serikali inatambua changamoto hiyo na itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana."

Ni rahisi kumlaumu waziri. Lakini ukilisoma tena swali lililoulizwa, mara nyingi utaona kwamba mlango wa kukimbilia uliachwa wazi na muulizaji mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wabunge, wasaidizi wao, na asasi au wananchi wanaomwandalia mbunge rasimu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Kanuni za Kudumu za Bunge lako, toleo linalotumika sasa. Soma sehemu ya maswali yote: idadi inayoruhusiwa, urefu, muda wa kujibu, na sababu za kukataliwa.
- Hati ya mgawanyo wa majukumu ya wizara. Isiwe ya kabla ya mabadiliko ya mwisho ya baraza la mawaziri.
- Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) na hifadhi ya majibu ya maandishi, angalau ya miaka mitatu.
- Vitabu vya bajeti na hotuba za bajeti za wizara husika kwa kipindi hichohicho.
- Ripoti ya karibuni ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali inayogusa eneo lako.
- Daftari la ufuatiliaji. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha: namba ya swali, tarehe ya kuwasilisha, tarehe ya mwisho ya kujibiwa, tarehe ya jibu, kilichojibiwa, kilichokwepwa, ahadi iliyotolewa.

Usiruke kanuni ukidhani zinafanana kila mahali. Katika Bundestag, bunge la Ujerumani, mbunge mmoja ana maswali manne ya maandishi kwa mwezi, na serikali hutakiwa kujibu ndani ya wiki moja. Canada, mbunge hawezi kuwa na zaidi ya maswali manne yanayosubiri kwa wakati mmoja, ila anaweza kudai jibu ndani ya siku 45. Ufaransa humpa mbunge maswali 52 kwa mwaka, na waziri ana miezi miwili. Bunge la Ulaya huruhusu maswali 20 katika kila miezi mitatu, kila moja lisizidi maneno 200. Katika Lok Sabha, bunge la chini la India, kikomo ni maneno 150. Pale nafasi zinapohesabiwa, kila swali bovu limekula nafasi ya swali zuri.

## Hatua ya 1: Chora jibu kabla ya kuandika swali

Chukua karatasi, chora jedwali tupu la jibu unalolitaka. Safu mlalo ni zipi: wilaya, miaka, shule, hospitali? Safu wima ni zipi: idadi, fedha, tarehe? Kila kisanduku kitajazwa kwa kipimo gani?

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba wizara hujibu umbo la swali kabla ya kujibu nia yake. Ukiuliza kwa ujumla, utajibiwa kwa ujumla.

Jedwali likikushinda kuchora, bado huna swali. Una malalamiko au hoja, na hayo yana mahali pake: mchango bungeni, hoja binafsi, barua kwa waziri. Swali la maandishi ni chombo cha kuchota taarifa kutoka ndani ya serikali, na linafanya kazi hiyo vizuri kuliko kazi nyingine yoyote linalopewa.

Chini ya jedwali andika sentensi moja: nikipata tarakimu hizi nitazitumia wapi? Kwenye mjadala wa bajeti, kamati, kikao na wapigakura? Kama matumizi hayaonekani, ahirisha.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyejua suala hilo anaweza kutazama jedwali tupu na kukwambia unatafuta nini.

## Hatua ya 2: Hakikisha halijajibiwa

Tafuta kwenye Hansard kwa maneno zaidi ya moja. Anayetafuta "visima" pekee atakosa majibu yaliyoandikwa chini ya "maji vijijini" au "miradi ya maji". Tafuta pia kwa jina la wizara na kwa jina la programu.

Mabunge mengi hukataa swali lililokwisha kujibiwa katika kipindi kilekile, au linaloomba kitu kilichochapishwa na kinachopatikana kwa urahisi. Ukigundua jibu lipo, usikate tamaa, kwa sababu maswali makali kuliko yote huzaliwa hapo: "Kwa kurejea jibu la swali namba fulani lililotolewa tarehe fulani, je..." Waziri anayenukuliwa maneno yake mwenyewe hana nafasi ya kubishana na msingi wa swali.

## Hatua ya 3: Mpate waziri mwenye jukumu

Sera inaweza kuwa wizara moja, fedha hazina, na utekelezaji ukawa chini ya serikali za mitaa. Ukimuuliza waziri wa sera kuhusu utekelezaji, swali litahamishiwa kwingine, na siku zitapotea bila wewe kujua. Suala likigusa wizara tatu, andika maswali matatu mafupi, kila waziri lake. Majibu yao yakigongana, umepata kitu kikubwa kuliko ulichokiomba.

Tahadhari na mashirika ya umma na taasisi huru. Ukimuuliza waziri kuhusu uamuzi wa ndani wa shirika, atajibu kwamba hilo ni suala la uendeshaji. Uliza juu ya kile waziri mwenyewe anachowajibika nacho: ametoa maelekezo gani kwa shirika hilo, lini, amepokea taarifa gani kutoka kwake, alichukua hatua gani baada ya kuipokea.

## Hatua ya 4: Jenga sentensi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Tuchukue rasimu ya aina inayoonekana sana:

> Je, Serikali haioni kwamba wananchi wa vijijini wanateseka kwa kukosa maji, na ni lini itamaliza tatizo hili?

Sehemu ya kwanza inaomba maoni, na mabunge mengi hukataa swali la kuomba maoni. Ya pili inauliza "lini" kuhusu "tatizo" lisilo na mipaka, kwa hiyo jibu litakuwa kwamba serikali inaendelea kulitatua kwa awamu. Hakuna uongo katika jibu hilo, wala hakuna faida.

Linganisha na hili:

> Je, katika kila wilaya, na kwa kila mwaka wa fedha kuanzia 2021/22 hadi 2023/24:
> (a) visima vingapi vya umma vilichimbwa kwa fedha za Serikali;
> (b) kati ya hivyo, vingapi vilikuwa vikitoa maji tarehe 30 Juni 2024, na
> (c) ni kiasi gani cha fedha kiliidhinishwa, kiasi gani kilitolewa na kiasi gani kilitumika kwa kazi hiyo?

Kila kipande kina kazi yake.

Kitu kinachohesabiwa. "Visima vya umma vilivyochimbwa kwa fedha za Serikali" kinatenganisha visima vya watu binafsi na vya wafadhili. Bila hivyo, vyote vitaingizwa kwenye hesabu ili ipendeze.

Kipindi chenye tarehe. "Hivi karibuni" na "miaka iliyopita" humwachia mjibu achague mwaka uliomfaa. Amua pia kama unataka mwaka wa fedha au wa kalenda. Takwimu za fedha hutunzwa kwa mwaka wa fedha, ilhali za shule na magonjwa mara nyingi hutunzwa kwa mwaka wa kalenda. Ukichanganya, utapewa tarakimu zisizolinganishika.

Hali halisi kwa siku moja. Kisima kilichochimbwa kinaweza kuwa kikavu. Sehemu (b) inatofautisha kazi iliyofanyika na huduma inayopatikana, na tofauti hiyo ndiyo sera nzima ya maji. Katika sekta nyingine, jozi kama hizi ni: vitabu vilivyonunuliwa na vilivyofika shuleni, walimu walioajiriwa na walioripoti kazini, vituo vya afya vilivyojengwa na vyenye watumishi.

Fedha za hatua tatu. Iliyoidhinishwa ni ile Bunge ilipitisha. Iliyotolewa ni ile hazina ilipeleka. Iliyotumika ni ile iliyolipwa kwa kazi. Ukiuliza tu "kiasi gani kimetengwa", utapewa tarakimu ya kwanza, ambayo tayari imo kwenye kitabu cha bajeti, na pengo lililo kati ya ya kwanza na ya pili, ambalo mara nyingi ndilo habari yenyewe, litabaki gizani.

Mgawanyo. "Katika kila wilaya" usiliweke mwishoni mwa sentensi ndefu, ambako linaweza kusomwa kama linahusu sehemu (c) pekee. Liweke mbele litawale vyote.

Sehemu tatu ndani ya swali moja zinatosha. Ukiweka saba, afisa ataanza na zile nyepesi, na zile ngumu zitafungwa kwa sentensi moja ya jumla.

### Unapouliza kuhusu sera badala ya takwimu

"Serikali ina mpango gani wa..." ni mwanzo uliozoeleka kwenye mabunge yanayotumia Kiswahili, na ni mwanzo dhaifu. Mpango upo siku zote; angalau utakuwepo kufikia siku ya kujibu.

Uliza juu ya vitu vinavyoacha nyaraka. Mwongozo wa wizara ulitolewa tarehe gani, na uliidhinishwa na nani? Vigezo gani vilitumika kuchagua wilaya zilizoingia kwenye awamu ya kwanza, na kila kigezo kilipewa uzito gani? Tathmini ya programu ilifanyika lini, na itachapishwa tarehe gani? Kama haijafanyika, kwa nini?

Epuka "je, waziri atafikiria". Atafikiria, na mtaishia hapo.

Umefaulu ikiwa: swali haliwezi kujibiwa kwa ndiyo, hapana, au "mchakato unaendelea" bila pengo kuonekana wazi.

## Hatua ya 5: Kaa kwenye kiti cha afisa atakayeandika jibu

Waziri hutia saini, lakini rasimu huandikwa na afisa wa wizara mwenye kazi nyingine kumi. Anataka jibu lililo sahihi, fupi, lisilomtia bosi wake matatani. Soma swali lako kwa macho yake, utafute njia za kutokea. Hizi ndizo za kawaida, pamoja na namna ya kuzifunga.

*"Gharama ya kukusanya taarifa hizo ni kubwa mno."* Hii inaweza kuwa sababu halali. Serikali ya Uingereza imejiwekea kiwango cha pauni 850: gharama ya kujibu swali moja ikikadiriwa kuzidi hapo, wizara inaweza kukataa. Punguza miaka, au omba ngazi ya mkoa badala ya kijiji. Mwaka mmoja uliojibiwa ni bora kuliko kumi iliyokataliwa.

*"Takwimu hizo hazikusanywi kitaifa."* Kama una wasiwasi huu, tanguliza swali la upelelezi: "Je, Wizara hukusanya takwimu gani kuhusu hali ya visima vya umma, kwa ngazi ipi ya utawala, na mara ngapi kwa mwaka?" Ni swali ambalo watu hulidharau kwa sababu halina mvuto wa magazeti. Lakini likijibiwa, unajua kabati lina mafaili gani, na swali linalofuata halikosi. Na wizara ikikiri kwamba haijui visima vyake vingapi vinatoa maji, kukiri huko peke yake kunatosha kuitikisa kamati.

*Jumla badala ya mgawanyo.* Umeomba wilaya, unapewa taifa. "Kila" hupunguza hatari hii. Kuna dawa ya pili: omba jedwali kwa jina lake, kama kiambatisho.

*"Taarifa zinapatikana kwenye tovuti ya Wizara."* Wewe utakuwa umetafuta kabla. Kama hazipo, sema hivyo ndani ya swali, au uliza zimo kwenye waraka gani, ukurasa gani.

*"Upembuzi yakinifu unaendelea."* Usiulize kama unaendelea. Uliza ulianza tarehe gani, unafanywa na nani, mkataba unataka ukamilike lini, na malipo yaliyokwisha kufanyika ni kiasi gani.

*Siri za kibiashara au usalama.* Omba jumla bila majina ya kampuni, au idadi ya mikataba bila vipengele vyake. Mara nyingi jumla haina siri.

Mwisho wa hatua hii mpe mtu mwingine alisome, aandike jibu jepesi kuliko yote ambalo bado ni la kweli. Swali likiwa na usomaji wa namna mbili, wizara itachagua ule unaoipunguzia kazi.

## Hatua ya 6: Lipitishe kwenye kanuni

Hapa pitia haraka, lakini usiruke. Ofisi ya Katibu kwa kawaida itarudisha swali lenye:

- hoja, kejeli au lugha ya kuudhi;
- jambo la kudhania ("iwapo itatokea kwamba...");
- suala lililo mbele ya mahakama;
- jina la mtu binafsi lisilo la lazima;
- madai ya ukweli ambayo muulizaji hawezi kuyathibitisha.

La mwisho ndilo huwakamata wengi. Ukiandika "kwa kuwa visima vingi vimekauka", umetoa dai, na mbunge ndiye anayebeba dhamana yake. Ama liondoe, ama weka ushahidi kwenye faili. Swali lisilo na utangulizi karibu kila mara ni imara zaidi.

Kama mbunge ana maslahi katika jambo hilo, kwa mfano hisa katika kampuni ya uchimbaji, ayatamke kwa utaratibu wa Bunge lake kabla ya kuwasilisha. Yakifichuka baadaye, jibu zuri litapotea kwenye kelele za maslahi.

## Hatua ya 7: Chagua siku ya kuwasilisha

Anza na siku unayohitaji jibu, rudi nyuma. Ondoa muda rasmi wa kujibu, ondoa wiki mbili za kuchelewa, ondoa wiki mbili nyingine za swali la kufuatilia. Siku uliyofikia ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha. Kwa mjadala wa bajeti, wengi hugundua kwamba walipaswa kuanza miezi mitatu kabla.

Katika mabunge mengi ya mfumo wa Westminster, yaani uliotokana na Bunge la Uingereza, maswali ambayo hayajajibiwa hufa Bunge linapovunjwa au kikao kikuu kinapofungwa rasmi. Usipeleke swali zito wiki ya mwisho.

Katika House of Commons, bunge la chini la Uingereza, mbunge anaweza kutaja siku anayotaka jibu, kwa maswali yasiyozidi matano kwa siku. Kutaja siku hakuhakikishi kitu: wizara inaweza kuleta jibu la muda tu, kwamba jibu kamili litafuata. Tumia njia hiyo kwa maswali mepesi yenye haraka, na takwimu nzito zipe muda wa kawaida.

Usimimine maswali kumi kwenye wizara moja kwa siku moja. Pengine yote yataishia kwa afisa yuleyule.

## Hatua ya 8: Soma jibu ukiwa na kalamu

Rudi kwenye jedwali la hatua ya kwanza, ujaze visanduku. Vilivyobaki vitupu vinakuonyesha ulichonyimwa, hata kama jibu lina kurasa tano.

Kisha tafuta mambo yaliyobadilishwa kimyakimya:

- Kitu kimebadilishwa. Uliuliza visima vinavyotoa maji, umejibiwa visima "vilivyokamilika". Au umeuliza visima, umejibiwa "miradi", na mradi mmoja unaweza kuwa na visima vitano au usiwe na hata kimoja.
- Kipindi kimebadilishwa. Ulitaja miaka mitatu ya fedha. Jibu linaanzia mwaka mwingine, ambao ulikuwa mzuri.
- Fedha ya hatua ya kwanza imewekwa mahali pa zote tatu.
- "Zaidi ya" na "takriban" mbele ya tarakimu ambayo wizara lazima inaijua kikamilifu, kama malipo.
- Jumla zisizolingana. Jumlisha wilaya zote mwenyewe. Makosa ya kujumlisha hutokea, na mengine huonyesha kwamba kuna wilaya imeachwa.

Baada ya hapo linganisha na ripoti ya Mkaguzi Mkuu na majibu ya zamani. Tarakimu mbili tofauti za kitu kimoja kwa mwaka mmoja ni mwanzo wa swali jipya. Ila hakikisha kwanza kwamba tarehe na maana ya kinachohesabiwa ni ileile. Kumtuhumu waziri kwa uongo kwa sababu ya mwaka wa fedha na mwaka wa kalenda ni aibu isiyosahaulika.

## Hatua ya 9: Fuatilia bila kuchelewa

Wiki hiyohiyo, ofisi ya mbunge iwasiliane na dawati la wizara linaloshughulikia mambo ya Bunge. Taja sehemu iliyoachwa, bila hasira. Kiambatisho kilichosahauliwa hupatikana kwa njia hii mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ikishindikana, peleka swali jembamba zaidi linalonukuu jibu: "Jibu namba fulani limetaja visima 'vilivyokamilika'. Je, kati ya hivyo, vingapi vilikuwa vikitoa maji tarehe 30 Juni 2024?" Swali hili ni gumu kulikwepa mara ya pili kwa sababu ukwepaji wa kwanza umo ndani yake.

Njia nyingine hutegemea kilichotokea. Kwa jibu lililochelewa, mwandikie Spika ukiambatisha tarehe; Canada, swali lililoombewa jibu ndani ya siku 45 na lisijibiwe hupelekwa kwenye kamati kuchunguza kwa nini. Kwa jibu la kukwepa, uliza kwa mdomo bungeni, ambako maswali ya nyongeza hayampi waziri muda wa kuandaa aya. Kwa nyaraka zenyewe, kama mikataba na ripoti za tathmini, sheria ya haki ya kupata taarifa, pale ilipo, mara nyingi hufika mbali kuliko swali la Bunge, kwa kuwa swali hutoa maelezo tu ilhali ombi hutoa karatasi. Kwa tarakimu zinazopingana, wapelekee wajumbe wa kamati ya hesabu za serikali, majibu yote mawili yakiwa kwenye ukurasa mmoja.

Jibu likiwa na ahadi, kama "ukarabati utakamilika kabla ya mwezi Juni", iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, na andaa siku hiyohiyo rasimu ya swali litakalowasilishwa Julai: "Je, ahadi iliyotolewa katika jibu namba fulani imetekelezwa katika wilaya zipi, na kwa zile ambazo bado, ni kwa sababu gani?"